Si Mpole, Anasikia Baridi

Usiku mmoja wa mwezi wa Julai, katika zahanati moja iliyo karibu na machimbo mkoani Geita, tuliletewa mtoto mwenye umri wa saa tano. Alikuwa amezaliwa kambini, ndani ya banda la turubai, jirani akisaidia. Bibi yake ndiye aliyempakata juu ya pikipiki, na mama yake akafuata kwa pikipiki ya pili. Tulipouliza kuna shida gani, bibi alijibu bila wasiwasi: "Shida ni ya mama, mayu. Damu inamtoka. Mtoto hana neno, ni mpole kabisa. Hajalia tangu tulipomwogesha."

Tulimshughulikia mama kwanza, kwa maana damu haingoji. Mwenzetu alipomfunua mtoto ndipo tulipotazamana. Kanga aliyofungiwa ilikuwa mbichi. Miguu yake ilikuwa ya baridi, na tumbo pia lilikuwa la baridi. Aliwekewa titi mdomoni, akaliacha. Kipima joto kilisoma nyuzi 34 na pointi 1. Mtoto yule hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa amepigana na baridi kwa saa tano, peke yake na kimya kimya, na sasa alikuwa anaishiwa.

Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya kile alichokuwa akikitumia katika vita ile. Ni kitu ambacho karibu kila mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa nacho, na ambacho sisi watu wazima, kwa kutojua, mara nyingi tunamsaidia kukimaliza bure.

Baridi ya wapi huku kwetu?

Tukianza kuongea habari za baridi katika vikundi vya akina mama, wengi hucheka. Shinyanga ni nchi ya jua, wanasema, na ndani ya nyumba ya bati saa nane za mchana mtu anatafuta pa kupumulia. Ni kweli. Lakini Shinyanga hiyohiyo na Geita yote ziko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na watoto hawazaliwi saa nane za mchana tu. Wanaokesha wodini miezi ya Juni na Julai wanajua jinsi bati lile lile lililochoma mchana linavyogeuka baada ya usiku wa manane.

Isitoshe, baridi ya mtoto mchanga si baridi yetu. Shirika la Afya Duniani limewahi kuieleza kwa mfano ambao hatujaupata ulio bora zaidi: mtoto aliyezaliwa sasa hivi, akiachwa uchi katika chumba chenye nyuzi 23, hupoteza joto sawa na mtu mzima aliye uchi mahali penye nyuzi sifuri, yaani mahali ambapo maji yanaanza kuganda. Nyuzi 23! Hicho ni chumba ambacho wewe na mimi tungekiita kizuri. Ndiyo maana chumba cha kujifungulia kinatakiwa kiwe na nyuzi 25 hadi 28, kiasi ambacho mkunga mwenyewe anatoka jasho.

Kumbuka mtoto anatoka wapi. Tumboni alikuwa na joto linalomzidi mama yake kwa kama nusu nyuzi. Ghafla anatua duniani akiwa amelowa, na kila tone linalokauka mwilini mwake linaondoka na joto, kama vile mtungi unavyopoza maji. Upepo unaopita chini ya turubai unachukua lake. Mizani ya chuma isiyotandikwa kitambaa inachukua lake. Hata ukuta wa bati ulio karibu naye, bila kumgusa, unamvuta joto. Mwili wake ni mdogo na ngozi ni nyingi kwa kulinganisha na uzito, na kichwa ni kikubwa. Asipokingwa, joto lake laweza kushuka nyuzi 2 hadi 4 katika dakika 10 au 20 za kwanza.

Mimi na wewe tukipatwa na baridi ya namna hiyo tutatetemeka. Kutetemeka ni kazi ya misuli, na kazi hiyo hutoa joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka. Basi anafanyaje?

Mafuta ya rangi ya kahawia

Mwili wa binadamu una mafuta ya aina mbili. Aina ya kwanza twaifahamu sote, ndiyo ile tunayolalamikia tunapokwenda kwa fundi cherehani. Hayo ni mafuta meupe. Kila seli yake ni kama kibuyu kilichojaa tone moja kubwa la mafuta, na kazi yake ni kuweka akiba.

Aina ya pili ni mafuta ya kahawia. Seli yake haina tone moja bali vitone vingi vidogo, na katikati ya vitone hivyo imejaa vijumba vidogo mno viitwavyo mitokondria. Vijumba hivyo vina madini ya chuma, na damu hupita hapo kwa wingi, ndiyo maana mafuta yenyewe yana rangi ile. Katika mtoto mchanga yamepangwa mahali maalumu: katikati ya mabega mgongoni, shingoni, makwapani, nyuma ya mfupa wa kifua, na kuzunguka figo. Tazama yalivyowekwa kandokando ya mishipa mikubwa na viungo vya ndani. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, yote kwa jumla ni kati ya asilimia 2 na 6 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 3 anayo basi kati ya gramu 60 na 180. Hiyo ni kiasi cha kikombe kidogo au pungufu yake.

Sasa, yanatoaje joto? Hebu twende kwenye mashine ya kusaga, kwa kuwa hakuna mama asiyepajua. Injini inakunywa dizeli na kuvuta hewa, inazungusha mkanda, mkanda unazungusha mashine, na unga unatoka. Injini inapata moto pia, lakini moto huo si shabaha. Shabaha ni unga. Seli zetu nyingi ndivyo zinavyofanya kazi. Mitokondria huchoma chakula kwa hewa ya oksijeni, na nguvu inayopatikana hufungwa vizuri kwa ajili ya kazi: kupiga moyo, kukunja mkono, kufikiri.

Chomoa mkanda sasa. Injini itaunguruma kwa kasi, dizeli itakwisha, hewa itavutwa, lakini hakuna unga. Kitakachotoka ni joto peke yake. Mafuta ya kahawia ni injini iliyochomolewa mkanda kwa makusudi. Ndani ya mitokondria zake imo protini ambayo wanasayansi waliitambua miaka ya 1970 na kuiita themojenini. Kazi yake ni hiyo tu, kuachia nguvu ipotee kama joto badala ya kufungwa kwa matumizi mengine. Baridi inapogusa ngozi ya mtoto, hasa ya uso, ubongo hupeleka habari kupitia mishipa ya fahamu, vitone vya mafuta vinavunjwa, moto unawaka, na damu inayopita hapo inalibeba joto kwenda mwilini. Mtoto hatikisiki wala halii. Ukimtazama unaweza kudhani amelala tu.

Tumboni moto huu haujawaka. Kondo la nyuma humpelekea mtoto vitu vinavyouzuia, na kwa nini uwake ilhali mama anampasha joto usiku na mchana? Kitovu kikishafungwa, kizuizi kinaondoka. Hivyo mtoto huwasha jiko lake mwenyewe dakika anapoachana na mama. Kwa kweli, kila tukilifikiri jambo hili tunanyamaza kidogo na kumshukuru Mwumba wake.

Wasukuma wana desturi ya ngitili. Kipande cha malisho hufungwa wakati wa mvua, mifugo isiingie, ili majani yake yaje kuliwa kiangazi kikali. Mafuta ya kahawia ni ngitili ya mtoto. Yamefungwa wakati wa neema, tumboni, kwa ajili ya siku zake za kwanza za ukame. Na kama ilivyo kwa ngitili, ukiingiza ng'ombe mapema bila sababu, kiangazi chenyewe kikifika utakuta vumbi.

Akiba inapokwisha

Moto huu una gharama. Mtoto anayepigana na baridi huweza kutumia hewa na chakula karibu mara mbili ya kawaida. Anachoma mafuta, na pamoja nayo anamaliza sukari ya damu. Sukari ikishuka, ananyonya kwa uvivu. Asiponyonya, hapati kuni mpya. Wakati huohuo anahitaji oksijeni zaidi, na kama alizaliwa amechoka, yaani hakupumua vema mwanzoni, hiyo oksijeni hana, na bila oksijeni mafuta hayawaki hata yakiwapo. Ndivyo inavyokuwa kwamba mtoto mwenye shida ya kupumua hupoa haraka, na aliyepoa hupumua kwa shida zaidi. Jambo moja linasukuma lingine.

Hata pale ambapo mtoto hafi, baridi ya kila siku humrudisha nyuma. Tumewahi kusumbuka na watoto wanaonyonya vizuri lakini mizani haipandi. Tukifika nyumbani tunamkuta amelazwa peke yake kwenye kapu, dirisha wazi, na mama yuko uani. Maziwa yote yanakwenda kwenye jiko la ndani, hakuna yanayobaki ya kujenga mwili.

Joto la kawaida la mtoto mchanga ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Chini ya 36.5 tayari ni baridi. Chini ya 36 ni hatari. Chini ya 32 ni hatari kubwa mno. Lakini najua, mama, huna kipima joto. Tumia mgongo wa mkono wako. Gusa tumbo lake, kisha miguu. Vyote vikiwa na joto, salama. Miguu ya baridi na tumbo la joto ina maana kwamba jiko linawaka, mtoto anatumia akiba yake. Mpashe joto sasa hivi. Miguu na tumbo vyote vya baridi ina maana kwamba anashindwa. Mweke kifuani na uanze safari ya kituo cha afya ukiwa umemweka hivyo hivyo.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya lile jina zuri la "mtoto mpole." Tunalipenda mno. Mgeni akija kuona mtoto, sifa ya kwanza ni kwamba hasumbui. Mtoto mwenye joto na shibe hulala kweli, lakini ukimgusa anakunja uso, ukimwekea titi analitafuta. Yule aliyepoa halitafuti. Huo ndio upole wa kuogopa.

Habari ya kuogesha

Tulipoanza kazi tulikuta katika wodi nyingi desturi ya kumwogesha mtoto mara baada ya kuzaliwa, akabidhiwe kwa ndugu akiwa anang'aa. Nasi tuliifuata. Leo mafundisho ni mengine: mtoto akaushwe kwa kitambaa kikavu, kitambaa hicho kilicholowa kitupwe pembeni na achukuliwe kingine, alazwe tumboni au kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe wote wawili, naye anyonye ndani ya saa ya kwanza. Kuoga kungoje walau saa 24.

Mafundisho haya yanagonga mwamba mmoja ambao haupendi kusemwa mbele za watu, basi sisi tuuseme. Watoto wengi huzaliwa na utando mweupe kama mafuta mgando. Mitaani kwetu husemwa kwamba utando ule ni uchafu wa baba, ushahidi kuwa wazazi hawakujizuia siku za mwisho za mimba. Mama anaona haya, mama mkwe anaona haya zaidi, na beseni linaletwa mbio kabla majirani hawajafika. La hasha! Utando ule hutengenezwa na ngozi ya mtoto mwenyewe. Humlinda ngozi yake, na ukiachwa utaingia taratibu bila kusuguliwa. Hauhusiani kabisa na mambo ya chumbani. Laiti akina baba nao wangeambiwa hivyo, tungepunguza mabeseni mengi ya usiku.

Kambini kuna jingine. Baridi ikizidi, jiko la mkaa huingizwa ndani ya banda na mlango unafungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, nayo huua watu wazima wakiwa usingizini, sembuse mtoto wa siku moja. Chupa ya maji ya moto nayo imewachoma watoto ngozi mbele ya macho yetu. Joto la kifua cha mtu haliunguzi, halina sumu, na halihitaji kununuliwa.

Aliyezaliwa kabla ngitili haijaota

Mafuta ya kahawia hukusanyika zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Basi mtoto njiti, aliyekuja kwa miezi saba, amekuja kabla ya kuni. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta meupe ya kumfunika hana, na yale ya kahawia ni haba. Umuhimu wa joto kwa watoto hawa ulipimwa zamani. Mwaka 1958 huko Marekani, daktari William Silverman na wenzake walionyesha kwamba kuongeza nyuzi chache tu katika mashine za kulelea njiti kuliokoa wengi zaidi, ingawa hakuna dawa yoyote mpya iliyoongezwa.

Mashine hizo hazikutosha kila mahali. Mwaka 1978 mjini Bogotá, nchini Colombia, daktari Edgar Rey, akiwa na wodi iliyosongamana, alianza kuwafunga njiti kifuani mwa mama zao, kama mnyama kangaroo anavyobeba mwanawe mfukoni. Wengine walidhani ni dawa ya maskini tu. Lakini matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 5, Tanzania ikiwa mojawapo pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria, yalitangazwa mwaka 2021. Watoto zaidi ya 3,200 wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 walihusika. Kundi moja liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa. Jingine lilingoja mpaka hali itulie, kama ilivyokuwa desturi. Katika kila watoto 100 waliongoja, walifariki karibu 16 katika siku 28 za kwanza. Katika kila 100 waliowekwa mapema, walifariki 12. Tofauti ilikuwa kubwa hata utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati, maana haikuwa haki kuendelea kuwangojesha wengine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili maelekezo yake: kifuani mara moja, bila kungoja.

Sisi tulilijua hilo kwa uchungu kabla halijaandikwa. Miaka iliyopita tulimsindikiza njiti wa kilo 1 na gramu 400 kutoka upande wa Geita kwenda Bugando, Mwanza. Tulimfunga wenyewe: blanketi tatu, kofia ya sufi, soksi. Alionekana kama kifurushi cha zawadi. Tukamlaza kitini pembeni yetu, mama yake akiwa amelala nyuma na dripu. Wakati ule ilibidi kungoja kivuko. Daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa Juni 2025. Tulipofika, mtoto alikuwa wa baridi kama alivyoondoka, au zaidi, na kulipokucha hakuwa nasi. Kosa halikuwa la kivuko. Blanketi halitengenezi joto. Linatunza lile lililopo, na ukimfunga mtoto wa baridi katika blanketi tatu umetunza baridi. Tulikuwa na vifua viwili ndani ya gari lile, cha mama na cha muuguzi, vyote vya moto, na hatukumpa hata kimoja.

Tangu siku hiyo hakuna njiti anayepanda gari mikononi mwetu akiwa kwenye blanketi peke yake.

Wenye kutaka kupungua

Kabla hamjatuuliza, kwa kuwa mtauliza: je, mafuta haya yanayochoma chakula bila kazi yaweza kutusaidia sisi wenye matumbo? Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mtu mzima hana tena. Mwaka 2009 wachunguzi wa Marekani, Finland na Uholanzi, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kwa picha za ndani ya mwili kuwa watu wazima wengi wanayo kidogo, shingoni na juu ya mtulinga, nayo huwaka wakikaa baridini. Utafiti unaendelea. Lakini kidonge cha kuyaamsha hatujakiona katika duka la dawa lolote, na anayekuuzia chai ya kuyaamsha sokoni Kahama anapunguza mkoba wako, si tumbo lako. Tumalize hapo, tuna mambo ya maana zaidi.

Kuni hukusanywa tumboni

Kama akiba huwekwa miezi ya mwisho, basi mama anayefikisha miezi tisa ndiye anayempa mwanawe jiko lililojaa. Mikoa yetu hii ina malaria nyingi, na malaria ya mjamzito, hata asipojisikia homa, hukaa kwenye kondo la nyuma na kumnyima mtoto chakula. Wengine huzaliwa kabla ya wakati, wengine kwa wakati lakini wembamba. Dawa ya kinga itolewayo kliniki na chandarua ni kuni pia, ingawa mama hazioni.

Tena kuna kazi. Ukipita kwenye makarasha na mialo utawaona wanawake wenye mimba kubwa wakigonga mawe na kubeba maji toka alfajiri. Mwaka 2025 sheria ya kazi ya nchi yetu ilirekebishwa, mama mfanyakazi aliyejifungua njiti akaongezewa likizo. Ni jambo jema, na waliolipigania wamefanya kazi kubwa. Lakini mama wa mwaloni hana mwajiri wa kumwandikia barua. Likizo yake ni mume kusema leo utabaki nyumbani, au jirani kumchotea ndoo mbili. Katika kikundi chetu cha kanisa akina mama wamejipangia zamu ya maji kwa mjamzito yeyote aliyeingia mwezi wa saba, wa dhehebu lolote. Wengine husahau zamu zao, tena mara kwa mara, lakini maji mengi yamechotwa.

Kifua cha baba

Mtoto yule wa Julai tulimvua kanga mbichi, tukamkausha, tukamvika kofia, na kwa kuwa mama yake alikuwa bado na damu, tulimgeukia bibi. "Mama, fungua blauzi." Alishangaa, akafungua. Tukamfungia mjukuu kifuani kwa kanga mbili kavu na kuwafunika. Tulikamua maziwa ya kwanza ya mama, yale ya manjano, tukampa matone kwa kijiko kila baada ya muda. Saa mbili zilipita pasipo badiliko la kuonekana. Karibu na alfajiri miguu ilipata joto, na muda mfupi baadaye akalia kwa hasira. Bibi akashtuka, akauliza tumemfanya nini mtoto, mbona amekuwa msumbufu.

Mwingine tulimfuata nyumbani, upande wa Kahama. Mama yake alikuwa amejifungua kwa upasuaji na kidonda hakijapona vema. Mtoto alikuwa njiti wa kilo moja na nusu. Baba ni mchimbaji. Kila jioni alioga vumbi la duara mpaka kichwani, akajilaza, akafungiwa mtoto kifuani mpaka mkewe amwamshe saa tisa za usiku kupokezana. Wenzake walimpa jina la mnyama yule wa Australia, naye aliitikia. Tulipita kila Jumamosi na mizani yetu ndogo. Wiki ya tisa tulimkuta ameketi kitandani, kanga mkononi, hana raha. Mtoto, alisema, tangu juzi anajipindapinda, anatoka jasho, anamsukuma mbavu kwa miguu hataki kufungwa.

"Amenikataa," akasema.

Tukampima. Kilo 2 na gramu 600.